Linux inawaka flashi ikiwepo, ikichomolewa Windows inarudi

Ndugu Mshauri,

Salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama cha akiba na mikopo hapa Tanga. Hesabu zetu zote, yaani hisa za kila mwanachama, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii, ziko kwenye kompyuta mpakato ndogo ya mwaka 2008 tuliyoachiwa na mwenyekiti wetu wa zamani alipohamia Dodoma. Ina prosesa ya Intel Atom N270, RAM ya GB 1 na diski ya GB 160, na ilikuja na Windows XP. Betri yake kubwa ilikufa zamani, kwa hiyo tunaitumia kwa chaja tu, na usiku tunaichomoa kwenye umeme kwa kuogopa radi.

Kwa kuwa XP imekuwa nzito na kila mara inapata virusi kupitia flashi za wanachama, tuliamua kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Fundi wa kwanza alileta flashi yenye Ubuntu ya kisasa, aina mojawapo ya Linux. Alipoiwasha, skrini iliandika kwamba kiini (kernel) cha Linux hiyo kinahitaji prosesa ya x86-64 ilhali imeonekana i686 tu, na hapo hapo ikagoma. Fundi akatuambia kwamba ubao mama umeharibika na tununue kompyuta nyingine. Mpwa wangu aliyeko chuo hakukubali. Alitengeneza flashi ya Debian 12 ya biti 32, aina nyingine ya Linux, kwa programu ya Rufus, akaisakinisha kando ya Windows bila kuifuta, na usakinishaji ukafika mwisho pasipo onyo lolote.

Shida ilianza alipokwisha kurudi chuoni. Nikiwasha kompyuta huku flashi imechomekwa, inatokea orodha ya kuchagua Debian au Windows, na nikichagua Debian inafunguka vizuri. Nikichomoa flashi, inaingia Windows moja kwa moja kana kwamba Linux haijawahi kuwekwa. Tena kuna asubuhi ambazo hata flashi ikiwepo inaingia Windows, baada ya kuandika "CMOS checksum error" na kunitaka nibonyeze F1. Siku hizo saa ya Windows husema tuko Januari 2008. Nikibadilisha mpangilio ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi inayoamka kabla ya mfumo wowote, inatii mchana kutwa, kisha kesho yake inasahau. Fundi wa pili anashauri BIOS iandikwe upya, au diski yote ifutwe tuanze mwanzo.

Mgao wa mwisho wa mzunguko umekaribia na wanachama wananitazama mimi. Naomba unieleze tatizo ni nini, kama hesabu zetu zimo salama, na kama mashine hii bado inafaa au tuachane nayo.

Katibu wa kikundi, Tanga

Ndugu Katibu,

Kompyuta yenu haijafa, na Debian imesakinishwa kamili ndani ya diski yake. Mnazo hitilafu mbili tofauti zilizokutana kwa wakati mmoja, na kwa sababu kila moja inaificha nyenzake, mafundi wameona dalili zinazobadilika kila siku wakadhani mashine nzima imechoka. Ya kwanza ni kwamba programu inayowasha Linux, iitwayo GRUB, iliandikwa kwenye flashi badala ya kuandikwa kwenye diski. Ya pili ni kwamba betri ndogo inayotunza kumbukumbu za BIOS imekwisha nguvu. Zote mbili zinatibika bila kufuta chochote, na ninakusihi usikubali kufutwa kwa diski wala kuandikwa upya kwa BIOS.

Nianze na hesabu, kwa sababu ndizo zisizoweza kununuliwa tena. Kabla ya kugusa jambo lolote nililoandika hapa chini, tafuta flashi nyingine, si ile ya mpwa wako, kisha washa Debian kama ulivyozoea, fungua kidhibiti faili, ingia kwenye patisheni ya Windows, yaani sehemu ya diski iliyotengewa Windows, na unakili faili zote za kikundi. Fungua moja au mbili kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe kwamba zinasomeka na jumla zake ni zile zile unazozijua. Nakala ya pili mpe mweka hazina. Ile flashi ya mpwa wako usiifomati wala usimwazime mtu hadi kazi iishe, kwa sababu kwa sasa ndiyo mlango pekee wa kuingilia Debian.

Sasa tuangalie kinachotokea mashine inapowashwa. BIOS hujikagua, kisha hutazama orodha yake ya vifaa na kusoma sekta ya kwanza ya kifaa kilichotangulia. Sekta hiyo ina baiti 512 tu: sehemu kubwa ni maelekezo ya kuwasha, baiti 64 ni jedwali la patisheni, na baiti mbili za mwisho ni alama inayoithibitisha. Maelekezo hayo mafupi huita sehemu kubwa zaidi ya GRUB iliyowekwa jirani yake, na hiyo ndiyo inayosoma faili zilizomo ndani ya Debian, kuonyesha orodha na hatimaye kupakia kiini cha Linux. Kwa hiyo mfumo unaweza kuwa umekamilika ndani ya diski, lakini sekta ya kwanza ya diski hiyo isipoutaja, BIOS haina njia ya kuufikia.

Hivyo ndivyo ilivyo kwenu. Mashine nyingi za umri huo, zikiwashwa kwa flashi, huihesabu flashi kuwa diski ya kwanza, nayo diski halisi ikawa ya pili. Kisakinishi cha Debian kinapofika mwishoni huuliza GRUB iandikwe kwenye kifaa kipi, na mtu aliyezoea kwamba /dev/sda ndiyo diski ya kompyuta huchagua jina hilo pasipo kutazama ukubwa ulioandikwa kando yake. Flashi iliyotengenezwa kwa Rufus kwa njia yake ya kawaida huwa na nafasi ya kutosha mwanzoni, kwa hiyo GRUB ikaingia humo kimya kimya. Mpwa wako hastahili lawama; ni kosa lililowapata wengi wenye uzoefu kumzidi, na kuhusu aina ya mfumo alichagua sawasawa pale ambapo fundi wa kwanza alikosea.

Ushahidi umo ndani ya barua yako mwenyewe. Flashi ya kusakinishia, ikiwa nzima, ingekuonyesha orodha ya kuanza kusakinisha; hiyo yenu inaonyesha orodha ya mifumo iliyomo tayari kwenye diski, maana yake sekta yake ya kwanza imebadilishwa. Na diski ikiwa peke yake inaingia Windows bila kusita, maana yake sekta yake haikuguswa kabisa na bado inabeba maelekezo ya mwaka 2008. Ni sawa na nyumba iliyokamilika ambayo ufunguo wake umebaki kwa jirani.

Kurekebisha kunafanyika ukiwa ndani ya Debian yenyewe. Washa kompyuta flashi ikiwa imechomekwa. Ikiwa asubuhi hiyo inang'ang'ania Windows, iwashe upya na ubonyeze kitufe cha orodha ya kuwashia, ambacho hutofautiana kwa kila mtengenezaji lakini mara nyingi ni Esc, F9 au F12, kisha uchague flashi. Debian ikifunguka, fungua Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,TRAN,TYPE,MODEL

Hapa usiende haraka. Utaona vifaa viwili, na usivitambue kwa jina bali kwa ukubwa. Diski ya GB 160 itasomeka kama 149G hivi, kwa kuwa Linux huhesabu kwa kipimo kikubwa kidogo kuliko kile cha watengenezaji, na flashi itaonyesha ukubwa mdogo pamoja na neno usb kwenye safu ya tatu. Andika jina la diski kwenye karatasi, iwe ni sda au sdb. Kisha tazama patisheni zake zinaanzia wapi:

sudo fdisk -l

Neno sudo huomba ruhusa ya msimamizi wa mfumo. Kama sudo itakataa kwa kusema kwamba jina lako halimo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, ni kwa sababu mpwa wako aliweka nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu, wakati wa kusakinisha, na Debian ikishapewa nenosiri hilo haimpi mtumiaji wa kwanza ruhusa ya sudo. Mpigie simu akupe nenosiri, andika "su -", na baada ya hapo andika amri zote bila neno sudo.

Sababu ya kutazama mwanzo wa patisheni ni hii. Windows XP ilikuwa na desturi ya kuanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, ambapo mifumo ya leo huanzia sekta ya 2048. GRUB huhifadhi sehemu yake kubwa katika nafasi hiyo iliyo kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni. Kwa mpangilio wa XP ni sekta 62 tu, yaani baiti 31,744, na kwa Debian iliyowekwa kwenye patisheni ya kawaida ya ext4 (mtindo wa Linux wa kupanga faili) kwa kawaida inatosha, ingawa kwa kubanana. Kama mpwa wako alichagua LVM, njia nyingine ya kugawa diski, haitatosha, na utapata onyo kwamba eneo la kuwekea ni dogo mno. Ukiliona onyo hilo, simama hapo na usilazimishe. Baadaye nitasema la kufanya.

Ikiwa hakuna neno la LVM kwenye matokeo ya lsblk wala fdisk, endelea na amri hii:

sudo dpkg-reconfigure grub-pc

Maswali ya mwanzo yaache kama yalivyo kwa kubonyeza Enter. Ukifika kwenye orodha ya vifaa, huenda ukakuta flashi ndiyo iliyowekewa alama. Tumia mishale kusogea na kitufe cha nafasi kuondoa alama kwenye flashi na kuiweka kwenye diski. Chagua diski yenyewe, kwa mfano /dev/sdb, usichague patisheni yenye namba mwishoni kama /dev/sdb1. Kisha tumia Tab kufika kwenye kitufe cha kukubali.

Wapo watakaokuambia kwamba amri ya grub-install peke yake inatosha, na kweli kompyuta itawaka. Lakini Debian hukumbuka kifaa kilichochaguliwa siku ya kusakinisha, na sasisho la GRUB litakapokuja litaandikwa tena kwenye flashi ile ile, au litalalamika kwamba flashi haionekani, huku diski ikibaki na toleo la zamani lisilopatana na faili mpya. Mashine inayofanya kazi kwa miezi kisha ikagoma siku ya kikao cha mgao ni balaa kubwa kuliko iliyogoma leo. Thibitisha kumbukumbu hiyo kwa:

sudo debconf-show grub-pc | grep install_devices

Jina litakalotokea linapaswa kuwa na neno ata, si usb. Baada ya hapo andika "sudo update-grub" na usome inachoorodhesha. Windows isipotajwa, ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false ndani ya faili ya /etc/default/grub na urudie amri hiyo, kwa sababu matoleo mapya ya GRUB hayatafuti mifumo mingine mpaka yaruhusiwe. Zima kompyuta, chomoa flashi, iwashe. Orodha ya Debian na Windows itatokea yenyewe.

Tuje kwenye betri, ambayo ndiyo iliyowachanganya mafundi. BIOS hutunza tarehe na mpangilio wa vifaa katika kumbukumbu iitwayo CMOS, inayohitaji umeme kidogo usiku na mchana. Chaja ikiwepo, umeme huo hutoka kwenye chaja. Ikichomolewa na betri kubwa ikiwa imekufa, kazi yote inaangukia betri ndogo ya ndani. Yenu imekwisha, na kwa kuwa mnachomoa chaja kila usiku, kila asubuhi BIOS inaamka haina kumbukumbu, inarudisha tarehe ya kiwandani na kuitanguliza diski mbele ya flashi. Diski, kama tulivyoona, ilijua Windows peke yake. Ndiyo sababu mpangilio wako unadumu mchana kutwa na kupotea usiku, na ndiyo sababu flashi ile ile inafanya kazi Jumatatu na kukataa Jumanne. Ndani ya Debian huenda hukuwahi kuiona tarehe ya 2008, kwa sababu Debian ikipata intaneti hurekebisha saa yenyewe.

Betri hiyo kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, ile ya duara bapa inayouzwa hata kwa mafundi saa. Kwenye kompyuta ndogo za aina yenu mara nyingi imevikwa plastiki na kuunganishwa kwa nyaya mbili fupi zenye plagi. Hii ndiyo kazi halali ya fundi kwenye mashine hii, na mwambie mambo matatu kabla hajafungua: achomoe chaja na kuondoa betri kubwa, asome herufi zilizo kwenye betri ya zamani, kwa kuwa zenye ML ni za kuchajiwa na hazibadilishwi kwa CR, na asichomelee nyaya kwa risasi moja kwa moja juu ya betri, kwa sababu betri ya lithiamu ikipata joto inaweza kupasuka. Anunue iliyokwisha kuunganishwa nyaya. Ikishawekwa, ingia BIOS, weka tarehe sahihi na uitangulize diski.

Mtakapotumia mifumo miwili mtagundua kwamba saa inapishana kwa saa tatu kila mnapohama. Windows huandika kwenye mashine saa ya mahali ilipo, na Linux hudhani kilichoandikwa ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Amri ya "sudo timedatectl set-local-rtc 1" inaiambia Debian ifuate desturi ya Windows. Itakuonya kuhusu nchi zinazobadilisha saa kwa majira. Tanzania haibadilishi, kwa hiyo usijali.

Kuhusu ushauri wa fundi wa pili, kuandika BIOS upya kwenye mashine isiyo na betri kubwa ni hatari ya kweli: umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kompyuta haitawaka tena. Isitoshe, BIOS yenu haina kasoro. Kufuta diski nako kungekupotezea hesabu, kisha kisakinishi kingeuliza swali lile lile mwishoni na jibu lile lile la makosa lingeweza kutolewa. Wa kwanza naye alisoma maneno ya skrini asiyaelewe: Atom N270 ni prosesa ya biti 32 tangu kiwandani, na Ubuntu iliacha kutoa nakala za kompyuta za biti 32 tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017. Ubao mama hauhusiki.

Nilisema nitarudi kwenye onyo la nafasi ndogo. Likitokea, au kama lsblk imeonyesha LVM, njia safi ni kuhakikisha nakala mbili za hesabu zipo, kuachana na XP, na kusakinisha Debian upya kwenye diski nzima, ambapo patisheni zitaanzia sekta ya 2048 na GRUB itapata nafasi tele. Kwa kazi hiyo flashi itabidi itengenezwe upya. Ukifika kwenye swali la GRUB, soma ukubwa wa kifaa kabla ya jina.

Hata onyo hilo lisipotokea, sioni sababu ya kuendelea kutunza fedha za watu ndani ya XP, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea masasisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, huku flashi za wanachama zikiingia na kutoka. Uitumie bila intaneti mpaka mgao upite, kisha uiache. Faili zenu za Excel zitafunguka kwenye LibreOffice. Linganisha jumla za kila mwanachama mstari kwa mstari kabla ya kuhama, hasa pale mlipotumia fomula za riba. Programu hiyo ni mzao wa OpenOffice, ile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri kwa Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi ambayo naona haijapewa heshima inayostahili.

Mashine inafaa kwa kazi ya ukatibu. Itavuta miguu kwenye intaneti kwa RAM ya GB 1. Inakubali hadi GB 2 za DDR2, na kipande kilichotumika si ghali. Kama Debian yenyewe inawalemea, antiX ya biti 32, aina nyingine ya Linux, imejengwa juu ya Debian hiyo hiyo na ni nyepesi zaidi. Diski ya miaka mingi hivyo inahitaji kuchunguzwa: sakinisha smartmontools, programu za kupima afya ya diski, andika "sudo smartctl -a" pamoja na jina la diski, na utazame mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba ya mwisho katika mstari wa pili ikiwa zaidi ya sifuri, nunueni diski nyingine kabla ya mgao, si baada yake.

Jambo la mwisho ni la kupangia bajeti. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi cha biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 haina, kwa hiyo msijaribu kupandisha toleo. Debian 12 imepangiwa huduma ya usalama ya muda mrefu hadi Juni 2028. Mwambie mwenyekiti kwamba hamna haja ya kununua kompyuta kwa ajili ya mgao huu, lakini kikundi kianze kutenga fungu la mashine ya biti 64 kabla ya tarehe hiyo kufika.